Kiuno cha manjano si kitambulisho

"Nimekiona kiuno cha manjano, basi ni Phylloscopus chloronotus." Hapana! Kauli hii, ya kumtambua kijindege kwa kiraka cha manjano kilicho mgongoni juu kidogo ya mkia, huja na karibu kila anayeshuka kutoka misitu ya Himalaya na picha moja yenye ukungu. Milimani humo wapo watatu wa jenasi hiyo ya Phylloscopus wenye kiuno hicho: chloronotus, pulcher na maculipennis, wote vijindege vya sentimita 10 hivi, wote wala wadudu wasiotulia.

Tena kiuno chenyewe huonekana vizuri pale tu ndege anapopepea mbele ya jani akidonoa mdudu. Akitua, mabawa hukifunika. Usikisubiri. Anza na koo. Koo na kidari vikiwa vya kijivu na tumbo manjano, umeshamaliza: ni maculipennis. Kama sivyo, tazama mkia kwa chini. Hapo hata aliyepinda shingo chini ya mti ana faida. Pulcher ana weupe mwingi kwenye manyoya ya pembeni ya mkia, chloronotus hana. Ndipo uje kwenye bawa: mlia wa pulcher una rangi ya machungwa, milia miwili ya chloronotus ni ya manjano hafifu. Mkia utangulie, kwa sababu manyoya yakichakaa ile rangi ya machungwa hupauka. Chloronotus pia ana mlia wa manjano katikati ya utosi. Mngoje ainamishe kichwa. Na rangi ya tumbo pichani usiiamini upesi, maana mwanga uliopita majanini hutia weupe ukijani.

Kiuno kikiwa kijani, usiilaumu kamera. Huenda ni Phylloscopus humei, jamaa yao asiye na kiraka hicho cha manjano.

"Wa juu ni huyu, wa chini ni yule." Labda msimu wa kuzaa. Baridi ikiingia ndege hawa hushuka kutoka juu mlimani na kuchanganyika kwenye kundi moja, kwa hiyo mwinuko bila mwezi hausaidii. Andika vyote viwili.

"Mwenye duara la manjano machoni ni Phylloscopus burkii." Imani hiyo ilipitwa na wakati 1999, ndege wote waliokuwa wakiitwa burkii walipogawanywa kuwa spishi kadhaa, zikiwamo burkii mwenyewe, tephrocephalus na whistleri. Duara lililokatika nyuma ya jicho ni la tephrocephalus. Burkii hutia mtetemo katika wimbo wake, whistleri hatii, naye ana weupe zaidi mkiani. Hakuimba na mkia hukuuona? Andika "Phylloscopus" tu, uendelee na mti unaofuata.