Mapigo ya moyo hayajaonekana: dhana na ukweli kuhusu mimba changa

Dhana inayoumiza wengi ni ile isemayo kwamba mapigo ya moyo yasipoonekana katika utrasaundi ya kwanza, mimba imekwisha kuharibika. Jibu la kipimo hicho hutegemea umri wa mimba, nao huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku ya kutunga. Kwa hesabu hiyo, mapigo huanza kuonekana karibu na wiki ya 6 kwa kipimo cha ukeni, na huchelewa zaidi kwa kile kinachopitishwa juu ya tumbo. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 35 hupevusha yai wiki moja hivi baada ya mwenye mzunguko wa siku 28, kwa hiyo kadi yake ikisema wiki 7, huenda mimba yenyewe ina ukubwa wa wiki 6 tu. Hapo hatujamtaja aliyesahau tarehe, wala aliyeshika mimba akinyonyesha.

Ndiyo maana uamuzi hautolewi kwa kalenda peke yake. Kwa kipimo cha ukeni, mimba huhesabiwa kuwa imeharibika pale kiinitete, yaani mtoto akiwa katika hatua zake za mwanzo kabisa, chenye urefu wa milimita 7 au zaidi kinapokosa mapigo, au mfuko wa mimba wenye kipenyo cha wastani cha milimita 25 au zaidi unapokosa kiinitete. Chini ya hapo, kipimo hurudiwa, kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 14. Zamani kiwango cha urefu kilichotumika sana kilikuwa milimita 5, kikapandishwa baada ya kubainika kwamba baadhi ya mimba zilizo hai zingeweza kutangazwa kuwa zimekufa. Kwa maoni yangu, mama anayeambiwa asafishwe kizazi siku hiyohiyo, ilhali hatoki damu nyingi wala hana maumivu makali, ana kila sababu ya kuuliza: ni milimita ngapi?

Vifaa navyo huchanganywa. Fetoskopu ya mkunga, ile pembe ya kusikilizia tumboni, husikia mapigo kuanzia wiki ya 18 hadi 20 hivi, kwa hiyo ukimya wake katika wiki ya 14 hauna maana yoyote. Kifaa kidogo cha dopla, kinachotumia mawimbi ya sauti, kinaweza kuyasikia kuanzia wiki ya 10 hadi 12, ila asiye na mafunzo anaweza kusikia mapigo ya mama mwenyewe akatulia bure. Kwamba mapigo ya kasi ni dalili ya mtoto wa kike, hilo ni porojo.

Wapo pia wanaoamini kwamba kutokwa damu ni lazima mimba itoke. Takriban mwanamke 1 kati ya 4 huona damu katika miezi mitatu ya kwanza, na wengi wao huendelea hadi kujifungua. Kinyume chake, mimba inaweza kufa kimyakimya bila tone la damu, kichefuchefu kikiwa bado kipo. Lisilopaswa kusubiri ni maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, maumivu ya ncha ya bega, kizunguzungu cha kuzimia au damu inayolowesha pedi nzima kila saa. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na hiyo huua.

Mimba ikitoka, lawama humwangukia mama: alibeba ndoo, alipanda bodaboda, alikutana na mumewe, alitumia vidonge vya uzazi wa mpango, alipigwa jicho. Mimba 10 hadi 20 kati ya 100 zinazojulikana huharibika, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza, na karibu nusu ya hizo za mapema hutokana na hitilafu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, ambazo mama hawezi kuzizuia. Yanayotibika yapo, na hayo ndiyo ya kupimwa kliniki: malaria, kaswende, kisukari kisichodhibitiwa.

Mwisho ni hili la "kizazi kipumzike mwaka mzima". Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2005 kusubiri angalau miezi 6, lakini tafiti za baadaye hazikuona madhara zaidi kwa walioshika mimba mapema kuliko hapo. Yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili au tatu tu baada ya mimba kutoka, kwa hiyo asiye tayari aanze njia ya uzazi wa mpango mara moja, bila kungoja hedhi.