Bichi za Ngazija: uliza kwanza ngalawa zinalala wapi

Kila likizo ikikaribia simu yangu hailali. "Nahodha, tunaenda Ngazija siku tano, tupe bichi tatu kali." Na mimi kila mara nawauliza maswali mawili kwanza, mnaenda msimu gani na siku hizo mwezi mwandamo utakuwa tarehe ngapi, basi wanadhani nataka kuwapigia ramli. Sio ramli. Mimi ni mtu wa Lamu, nimeshika usukani wa mashua tangu sijaota ndevu, na miaka hii ya karibuni napeleka vikundi vya watu wa huku na Malindi kwenda Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, kuona jamaa na kupunga upepo, na nikwambie ukweli, makosa mengi ya kuchagua bichi kule tunayafanya sisi watu wa Lamu kuliko hata wazungu, kwa sababu sisi tumedekezwa na mchanga.

Fikiria Shela, kwetu kisiwani Lamu. Unashuka pale mbele ya mji, unageuza uso, na mchanga unakwenda kilomita kama 12 bila kukatika, unachagua tu pa kutandika mkeka. Mtoto wa Lamu akisikia "kisiwa" anaona mchanga kichwani. Sasa mpeleke Ngazija. Ndege inateremka Hahaya na dirishani ni jiwe jeusi, jeusi kama masizi ya sufuria, limemwagika kutoka mlimani mpaka baharini, na bahari inalipiga hapo hapo hakuna ufuo wala nini. Nishaulizwa na abiria "sasa bichi iko wapi?" kabla hata hatujafungua mikanda.

Ngazija ni mlima uliosimama baharini, hivyo ndivyo unatakiwa ukielewe. Mlima wenyewe, Karthala, una mita 2,361 na bado uko hai, mwaka wa 2005 ulitema jivu watu wakakimbia vijiji vyao, na 1977 lava yake ilishuka ikafunika kijiji cha Singani upande wa kusini magharibi. Katika visiwa vinne vya Komoro Ngazija ndio mtoto mdogo, Maore (Mayotte) ndio bibi. Na umri hapa ndio kila kitu, kwa sababu kisiwa cha volkeno kikizaliwa hakina bichi, kina jiwe tu. Mchanga mweupe hautoki mlimani. Unatoka kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba unahitaji maelfu ya miaka kujijenga kuzunguka kisiwa. Maore imezeeka, imelala chini kidogo, mwamba wake umekaa mbali na nchi kavu na katikati kuna maji makubwa yaliyotulia. Ngazija mwamba wake bado ni mwembamba, umeshika vipande vipande, hapa upo pale haupo. Penye mwamba pana mchanga mweupe, pasipo na mwamba pana jiwe, au kama una bahati pana mchanga mweusi, ambao ni ile lava yenyewe iliyopasuka ilipokutana na maji baridi halafu mawimbi yakaisaga.

Na huo mweupe nani anausaga? Sehemu kubwa ni pono. Ndiyo, huyo huyo pono tunayemsema mtu akilala fofofo. Usiku analala kweli, lakini mchana ni fundi wa kusaga, midomo yake kama koleo, anang'ata matumbawe kutafuta majani madogo yaliyoota juu, jiwe linapita tumboni na linatoka nyuma likiwa mchanga. Ukimwambia bibi harusi kwamba ile bichi nyeupe anayopigia picha imepita kwenye tumbo la samaki hafurahi, nishajaribu.

Kwa hivyo ukishika hilo moja tu, kwamba kule kila bichi ni mfuko mdogo wenye sababu yake ya kuwepo, basi huulizi tena "ipi nzuri zaidi", unauliza mwamba uko wapi, upepo unatoka wapi, na maji yatakuwa saa ngapi.

Upepo ndio uliniaibisha mimi mwenyewe, wacha niseme. Nilikuwa na familia moja ya Malindi, mwezi wa saba, na nilikuwa nimeona picha za Chomoni, iko pwani ya mashariki, mawe meusi ya lava yamesimama kwenye mchanga mwepesi, na maji ya kijani, pazuri mpaka unaogopa. Nikawaahidi. Sikujiuliza ile picha ilipigwa mwezi gani. Kumbe kusi, upepo wa kusini, ndio imekaza, na kusi kule inaupiga upande wa kusini na mashariki uso kwa uso, tumefika mawimbi yanaruka juu ya yale mawe kama yana ugomvi nayo, watoto wamevaa nguo za kuogelea wamesimama wananiangalia. Mama mmoja mtu mzima akajifunga leso vizuri akanambia, "Mwanangu, wewe umetuleta kuogelea ama kuoshwa?" Nikasema samahani mama. Sikuwa na lingine la kusema, nahodha mzima sijaangalia upepo.

Hesabu yenyewe si ngumu kwa mtu wa pwani. Kusi ikivuma, tuseme Mei mpaka Septemba huko, kaa kaskazini na magharibi, mlima wenyewe unakukinga. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikivuma, geuza, upande wa mashariki unatulia na Chomoni inakuwa ile ya kwenye picha. Lakini hapa kuna mtego kwa watu wetu. Sisi huku kaskazi ni jua kali, Januari na Februari kavu kabisa, mvua zetu kubwa zinakuja kusi ikianza. Ngazija ni kinyume, kaskazi ndio mvua yao, Januari huko Moroni, mji wao mkuu, inanyesha mpaka mito inataka kuzaliwa barabarani, na kuanzia Disemba mpaka Aprili kuna vimbunga ambavyo sisi huku Mola ametuepusha navyo, Kenneth ilipita karibu sana kaskazini ya Ngazija Aprili 2019. Mtu wa Lamu anasema "tutaenda kaskazi kuna jua" anafika anakaa siku tatu ndani anacheza karata.

Nimesema mito kwa mzaha, maana Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima. Lile jiwe ni kama sponji, mvua inanyesha yote inazama. Hasara yake ni kwamba watu wengi wanaishi kwa maji ya mvua yaliyowekwa kwenye mabirika, kwa hivyo ukitoka baharini usifungue maji nusu saa kuosha mchanga wa nywele, jimwagie kata mbili tatu utoke. Faida yake iko baharini. Watu wa Malindi mnaujua mto Sabaki, mvua zikishuka bara ule udongo wote unakuja kwenu, bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa na mchanga wa mjini unazidi kusogeza maji mbali. Ngazija hakuna wa kuleta tope. Maji ni kioo, unaona vidole vyako vya miguu kwenye kina ambacho Malindi mwezi wa tano hungeona hata mkono.

Lakini kioo hicho kinadanganya, na hili ndio jambo ninalolisema kwa sauti kubwa kwenye kila safari. Shela unaingia pole pole, magoti, kiuno, kifua. Kwenye ukingo wa lava unaweza ukapiga hatua tano na ya sita huna chini. Kile kisiwa ubavu wake unashuka wima kwenda gizani. Ushahidi ni gombesa, yule samaki ambaye wataalamu walidhani amekwisha duniani pamoja na madinosaria, mchana anajificha kwenye mapango ya lava kwenye kina cha mita 150 na zaidi, na wavuvi wa Ngazija wanamnasa kwa mshipi wa mkono wakiwa kwenye ngalawa, usiku, karibu na nchi kavu. Yaani samaki wa kina kirefu namna hiyo na wewe kutoka pale unasikia adhana. Watu wa Malindi msijione wageni, mmoja alinaswa kwenu 2001, lakini yule alivuliwa na meli ya uvuvi, si ngalawa.

Sasa maji kujaa na kupwa. Chukua kalenda ya Kiislamu, huhitaji apu. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kutoka sana, na bamvua kwetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, basi saa nne saa tano asubuhi yametoka yote. Hesabu hiyo hiyo inakufaa na Ngazija, utaongeza au kupunguza nusu saa. Kwenye bichi ya mwamba mwembamba maji yakitoka unabaki na jiwe, vidimbwi, na vile viumbe vyeusi vya baharini vyenye miiba mirefu vinakusubiri. Kwa hivyo bamvua nenda alasiri. Maji mafu, yaani kama tarehe saba nane na ishirini na mbili hivi, asubuhi ndio yamejaa na hayakimbii sana, ukiwa na watoto wadogo panga safari siku hizo.

Na ukifika usiingie hapo hapo. Kaa. Tupa kumbi la nazi majini uliangalie dakika kumi, likirudi ufuoni sawa, likienda pembeni halafu likatoka nje kwa kasi basi hapo ndipo mlango wa mwamba, maji yote yaliyoingia juu ya mwamba yanatokea hapo na wewe utatoka nayo. Alafu tafuta ngalawa. Mvuvi wa Ngazija hana bandari, analaza chombo chake pale ambapo bahari inamruhusu kutoka na kurudi, ameanza babu yake kupachagua. Penye ngalawa kumi zimevutwa juu ya mchanga mimi naingia moyo mweupe. Bichi nzuri tupu, haina hata ngalawa moja? Nauliza kwanza kuna nini.

Haya, majina, maana najua ndio mlichokuja kutafuta. Itsandra iko kilomita chache kaskazini ya Moroni, ndogo, ngalawa zipo, Jumapili inajaa vijana na mpira, kwa siku ya kwanza inatosha. Kwa kuogelea hasa panda mpaka kaskazini kabisa, Mitsamiouli na Maloudja, huko ndiko kwenye mchanga mweupe mzuri na mwamba wa kukukinga, na ghuba ndogo inayoitwa Trou du Prophète ambayo maji yake mara nyingi yametulia kama birika la msikiti. Ukiwa upande huo pita ziwa la chumvi, ni shimo la volkeno limejaa maji pembeni tu ya bahari, la kuangalia tu. Chomoni nishasema, kwa msimu wake. Chindini kusini ni pa kupandia boti kwenda kisiwa jirani cha Mwali, usiende kuogelea. Na kama unataka kasa wanaotaga, acha Ngazija, vuka Mwali uende Itsamia.

Hapo karibu na Mitsamiouli kulikuwa na hoteli kubwa, Galawa, jina lenyewe ni ngalawa kwa lugha yao, siku hizi haipo. Mbele ya ufuo ule ndipo ilipoanguka ndege ya Ethiopia iliyotekwa, tarehe 23 Novemba 1996, ilikuwa inatoka Addis Ababa kuja Nairobi, watu 125 walikufa na mmoja wao ni mpiga picha wetu Mohamed Amin. Mimi nikifika pale husoma Fatiha kabla sijavua shati. Huwaambia na wageni wangu, wengine hawakuwa wanajua.

Mchanga mweusi, kama Mungu akikujaalia kuupata, uendee asubuhi au baada ya alasiri. Saa sita unaunguza kama kikaango, makubadhi yako ya ngozi yataharibika na ndara zitakuacha kwenye mawe, vaa raba za zamani au akala uingie nazo mpaka majini. Na zingine hutazipata kabisa. Kuna fukwe kwenye picha za zamani ambazo ukienda leo ni jiwe tupu, mchanga umechotwa kwenda kujengea nyumba, gunia kwa gunia. Siwalaumu sana, jiwe lote lile na mtu anataka plasta ya ukuta atatoa wapi. Ila pono hasagi kwa kasi ya fundi wa ujenzi, ndio maana kabla sijapeleka watu napiga simu kwanza kuuliza kama bichi bado ipo.

Mavazi sina haja ya kuwafundisha watu wa Lamu, ni kama kwetu tu, vijijini jistiri. Wao ndio wametupa Habib Swaleh, yule shekhe wa msikiti wetu wa Riyadha hapa Lamu, aibu hatuwezi kuwapelekea sisi.

Yule mama wa Malindi kesho yake tulimpeleka Maloudja. Aliingia na dera lake mpaka shingoni, akakaa saa mbili, alipotoka akanambia hapa sawa, lakini pesa ya mafuta ya jana nitoe mwenyewe. Nilitoa.