Ho 229 haikubuniwa ili kuikwepa rada

Kila zinapotajwa ndege za kivita zisizoonekana kwenye rada, hakosi mtu wa kudai kwamba Wajerumani walikuwa nayo tangu mwaka 1945 na kwamba Wamarekani waliinakili tu. Wanaikusudia Horten Ho 229, ndege ya jeti ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili yenye umbo la bawa tupu. Juma hili nimeletewa dai hilo kwa mara nyingine, safari hii na picha ya ndege yenyewe kama ushahidi, kana kwamba kukosa mkia kunatosha kumaliza hoja. Rada ndiyo kazi yangu, na uvumilivu umeniishia.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1943 Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alitaka ndege ya kubeba kilo 1,000 za mabomu umbali wa kilometa 1,000 kwa mwendo wa kilometa 1,000 kwa saa. Injini za jeti za wakati ule zilikuwa na ulafi wa mafuta, kwa hiyo Walter na Reimar Horten, ndugu waliokuwa mabingwa wa ndege zisizo na injini, walipunguza ukinzani wa hewa kwa kubakiza bawa tupu. Hiyo ndiyo sababu ya umbo lile. Ndege ya kwanza ya majaribio, V1, isiyo na injini, iliruka Machi 1944. Ya pili, V2, yenye injini mbili za jeti aina ya Jumo 004, iliruka Oranienburg Februari 1945 na ikaanguka mwezi huohuo baada ya injini moja kuzimika, rubani Erwin Ziller akafariki. Ya tatu, V3, Wamarekani waliikuta Friedrichroda, Ujerumani, ikiwa haijakamilika.

Wanaodai kwamba ilijificha hutaja pia mkaa. Habari hiyo Reimar aliieleza hadharani miaka ya 1980, karibu miaka arobaini baadaye, aliposema kwamba alikusudia kuuchanganya na gundi ya plaiwudi ya ndege ili umeze mawimbi ya rada. Wataalamu wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, walioichunguza V3 hawakupata uthibitisho wa mkaa huo. Na hata ungekuwamo, nyuma ya mbao zile kulikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma na injini mbili, ambavyo havijui kujificha.

Kinachoniudhi zaidi ni namna watu wanavyoisoma asilimia 80. Northrop Grumman, kampuni ya ndege ya Marekani, walipojenga mfano wa Ho 229 wa ukubwa kamili na kuupima, ilikadiriwa kwamba rada za Uingereza za Chain Home zingeuona katika asilimia 80 hivi ya umbali ambao zingeiona Bf 109, ndege ya kivita ya kawaida ya Ujerumani. Washabiki wanashangilia, wapinzani wanacheka, na wote wawili wanasahau kipeuo cha nne. Umbali wa kugunduliwa hufuata kipeuo cha nne cha ukubwa wa mwangwi, yaani wa mawimbi yanayorudi kwenye rada. Asilimia 80 ya umbali ina maana kwamba mwangwi umebaki asilimia 41 hivi, yaani zaidi ya nusu yake imepotea, na hilo si jambo dogo kwa ndege ambayo haikukusudiwa hivyo. Lakini anayetaka kuupunguza umbali kwa nusu tu hana budi kubakiza sehemu moja ya mwangwi kati ya 16, na mkaa wa kazi hiyo haujachomwa bado. Tena mawimbi ya Chain Home yalikuwa na urefu wa mita 10 na zaidi, na bawa lenyewe lilikuwa na mita 16 na kitu. Vipimo vinapokaribiana hivyo, mwili mzima hutetema pamoja na wimbi, na ulaini wa kona hausaidii sana.

Hata hivyo, asilimia 80 yenyewe siiamini kwa moyo wote. Kanuni ya kipeuo cha nne ni ya anga huru. Ndege ikiruka chini sana juu ya bahari, wimbi linaloakisiwa na maji huligonga lile la moja kwa moja na mwangwi hudhoofika kwa kasi kubwa zaidi. Katika hali hiyo kinachomficha rubani ni kuruka chini, na Bf 109 nayo ingefaidika vilevile.

Kuhusu kunakiliwa: Mmarekani Jack Northrop, mbunifu wa ndege, alirusha N-1M, bawa lisilo na mkia, mwaka 1940, miaka minne kabla ya V1 kupaa, na YB-49 yake ya mwaka 1947 ilikuwa na upana wa mita 52 na ushei, sawa na B-2, ndege ya Marekani ya kukwepa rada.