Kwa nini ukuta wa nevi bluu hugeuka mweusi taa ikiwashwa?

Mtu ananunua ndoo ya nevi bluu, yaani bluu iliyokolea sana, soko la Mwanjelwa, Mbeya. Kwenye kadi ya rangi dukani ni bluu safi, na fundi akimaliza kupaka ukuta wa sebule mchana, kila anayeingia anasifia. Saa mbili usiku taa inawashwa na ukuta umekuwa mweusi tii. Lawama zote kwa fundi: kachanganya na nyeusi, kabakiza rangi ya kwake. Mara nyingi fundi wa watu hana kosa lolote.

Ukuta unaonekana bluu kwa sababu mwanga ukiupiga, rangi inameza wekundu, unjano na sehemu kubwa ya kijani, halafu inarudisha bluu kidogo. Na ni kidogo kweli. Ukuta mweupe safi hurudisha asilimia 80 ya mwanga au zaidi, wakati nevi bluu kwa kawaida haifiki hata asilimia 10. Sasa balbu ya njano, ile ambayo boksi lake limeandikwa 2700K au 3000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga unaacha unjano na kuelekea weupe wenye ubluu), imejaa wekundu na unjano, na bluu iliyomo ni haba. Ukuta unameza karibu kila kinachoufikia, na ile bluu ambayo ungeirudisha haikuja. Macho yakikosa mwanga wa kutosha kutoka mahali, yanapaona peusi.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni taa nyeupe kali za 6500K. Bluu inarudi, sikatai. Lakini usiku wa Juni pale Uyole, Mbeya, watu wote wamejikunyata na masweta, sebule ya nevi bluu yenye taa hizo inafanana na bucha. Kwangu mimi 4000K ndiyo saizi yake, na kama unapenda taa ya njano, basi usitegemee balbu moja ya katikati ya dari. Weka nyingine ya pembeni inayomulika ukuta wenyewe. Kwenye boksi tafuta pia alama ya Ra au CRI, yaani jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu: 80 ni ya kawaida, 90 ni nzuri zaidi.

Hiyo ni usiku. Mchana mwenye kauli ni dirisha, na hapa ndipo ushauri wa mitandaoni unapotupoteza. Makala nyingi za mapambo zimeandikwa Ulaya na Marekani, nazo zinasisitiza kwamba chumba chenye dirisha la kusini hupata jua, na cha kaskazini hukaa na mwanga baridi, kwa hiyo bluu iliyokolea ipelekwe kusini. Ukifuata hilo Mbeya umekwisha. Mji uko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Kati ya tarehe hizo, miezi yote ya baridi ikiwemo, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo Juni na Julai, dirisha la kaskazini ndilo linaloota jua, na la kusini linaambulia mwanga wa anga tu, ambao wenyewe una ubluu. Ndivyo ilivyo pia Iringa na Njombe. Desemba mambo hugeuka, lakini hapo ni msimu wa mvua na mawingu yamejaa, tofauti haionekani sana.

Ukitaka nevi bluu kwenye kuta zote nne, chagua chumba chenye dirisha la kaskazini, tena kisicho na baraza pana linalokata mwanga. Chumba cha kusini kipe ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na dirisha. Ukipaka ukuta uleule wenye dirisha, utakuwa kwenye kivuli chake siku nzima, na macho yakishaumizwa na mwanga wa nje yatauona mweusi hata saa sita mchana.

Je, rangi hii inaongeza baridi ndani? Hapana, ingawa wapo watakaokuapia. Ndani ya nyumba, rangi za kawaida za ukutani, nyeupe kwa nevi bluu, hutoa na kupokea joto kwa kiwango kinachokaribiana sana. Tofauti ya maana ipo pale jua linapopiga moja kwa moja, na hapo iliyokolea ndiyo inayopata moto zaidi. Ubaridi unaousikia unatoka kwenye sakafu ya saruji na upenyo chini ya mlango. Macho ndiyo yanayohitaji kitu cha kuyapasha, na Nyanda hizi za Juu Kusini zimejaa vitu hivyo. Upande wa pili wa bluu kwenye duara la rangi ni rangi ya chungwa, na humo ndimo yalimo matofali ya kuchoma, mbao za paini za Sao Hill na vikapu vya nyasi za milulu vya Iringa. Ukuta wa tofali lisilopigwa lipu ukikutana na ukuta wa nevi bluu, kila mmoja unaongeza nguvu ya mwenzake. Rangi ya fedha na kijivu, ambazo picha za mitandaoni zinazipenda mno, mimi ningeziachia Dar es Salaam.

Pazia na makochi ni hesabu nyingine. Kila ukipanda mita 1,000, miale ya urujuanimno ya jua (UV), ile inayopausha vitambaa, huongezeka kwa takriban asilimia 10, na Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi. Pazia la nevi bluu kwenye dirisha la kaskazini litapauka upesi kuliko lingekuwa pwani, na litaanzia kwenye mikunjo inayotazama nje. Lishonewe bitana.

La mwisho ni la fundi. Rangi zilizokolea huchanganywa kwenye msingi wenye unga mweupe kidogo sana, na unga huo ndio unaoziba ukuta wa chini usionekane. Ndiyo maana mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, haitoshi. Piga praima (rangi ya msingi ya kutangulia) ya kijivu kwanza, kisha mikono mitatu. Ukuta mpya uache ukauke wiki nne au zaidi, hasa kama lipu limepigwa wakati wa mvua, kwa sababu maji yakitoka huleta chumvi ya saruji juu ya ukuta. Kwenye krimu hutaiona. Kwenye nevi bluu itatokea kama madoa ya unga, na ukipaka rangi juu yake bila kungoja ukuta ukauke, itarudi palepale.