Kufunga mwaka wa riwaya pamoja na wenzako

Vikundi vingi vya usomaji hufunga mwaka kwa swali moja: kitabu gani kimetupendeza zaidi? Swali hilo hukipa ushindi kitabu cha mwisho, kwa kuwa wahusika wake bado wako kichwani. Riwaya iliyosomwa Februari, ikifika Desemba haina mtetezi. Ndiyo maana tathmini ya mwaka huandaliwa tangu kikao cha kwanza, kwa daftari.

Kila kitabu kipewe ukurasa mmoja: nani alimaliza, nani aliishia sura ya ngapi, ubishi ulikuwa juu ya nini, na sentensi moja ambayo kila msomaji ameiandika kwa mkono wake kabla mazungumzo hayajaanza. Hiyo sentensi ya kabla naithamini kuliko yote, maana dakika ishirini zikipita, mwenye sauti kubwa anakuwa ameshawavuta wenzake upande wake. Rejeeni kwa sura badala ya ukurasa. Riwaya zetu huchapwa upya, na ukurasa wa 40 wa nakala kuukuu si ule wa nakala mpya.

Chukua Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa ajili ya barua aliyoandikiwa na mvulana, Charles, na hapo wasomaji hugawanyika: wapo wanaomtia baba hatiani kwa yote yanayomfika Rosa baadaye, na wapo wanaosema binti alikuwa na akili zake. Kwenye kikao cha kufunga mwaka, mwenzenu mmoja awasomee kipande hicho kwa sauti, tena polepole. Kila mtu aandike upya nani wa kulaumiwa, kisha ndipo daftari lifunguliwe. Aliyebadili msimamo aeleze kilichombadilisha. Mara nyingi ni kitabu kingine. Mtu aliyepitia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, amemwona Yusuf akitolewa rehani kwa deni la baba yake. Akirudi kwa Zakaria anauliza kwa uchungu zaidi mzazi ana haki gani juu ya mtoto. Hii ndiyo raha ninayoitetea: kusoma mwaka mzima na watu walewale, hadi riwaya zianze kujibizana.

Kisha wakagueni walioishia njiani, bila kuwasuta. Wembamba wa kitabu hudanganya. Nagona (1990), ya Kezilahabi pia, ni nyembamba, basi kikundi huipa wiki moja tu, na nusu ya watu huja hawajaelewa waanzie wapi. Kisa chake hakinyooki, na mafumbo yake hayafunguki kwa kusomwa mara moja. Ipeni wiki tatu, na sura ya kwanza isomwe kikaoni kwa sauti. Kuli (1979) ya Adam Shafi haina tabu hiyo. Kurasa 40 kwa wiki zinakwenda vizuri hadi kwenye mgomo wa bandarini Unguja. Kinachowakwamisha wasomaji wa bara ni msamiati. Mmoja wenu atangulie sura moja mbele na kuandaa maneno kama kumi na tano. Riwaya za upelelezi za Mohamed Said Abdulla zina sharti lake: simameni sura mbili kabla ya mwisho, kila mtu aandike mtuhumiwa wake, na asiropoke mtu kwenye kundi la WhatsApp.

Kura ya kitabu bora iwe ya siri, lakini msiulize “kipi bora”. Ulizeni: kipi utamwazima mtu nyumbani kwenu, na ni nani huyo? Jibu la “dada yangu, kwa sababu ya sura ya tano” lina maana kuliko alama tisa juu ya kumi. Watu sita hadi wanane wanamaliza yote haya kwa saa mbili, chai ikiwemo.

Uchaguzi wa vitabu vya mwaka mpya usifanyike siku hiyohiyo, watu wamechoka. Kwa wenye kazi na familia, riwaya sita kwa mwaka zinatosha. Kabla ya kupiga kura hesabuni nakala zinazopatikana madukani, maktaba na kwa marafiki. Kitabu chenye nakala chini ya moja kwa kila wasomaji wawili kisubiri, au kipangiwe muda mrefu zaidi.