Kiti cha Mpiga Simu

Kila nikifundisha somo la vyanzo vya historia huwapa wanafunzi kumbukumbu za Rochus Misch, mlinzi wa Hitler, na swali la kwanza huwa lile lile: huyu mtu alijua nini? Huwarudisha nyuma kidogo. Kwanza nataka waniambie alikuwa amekaa wapi.

Alikaa kwenye mtambo wa simu. Misch alizaliwa Silesia mwaka 1917, akawa yatima angali mdogo, akalelewa na babu na bibi, akajifunza ufundi wa rangi. Mwaka 1937 aliingia SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Nazi. Septemba 1939 alijeruhiwa vibaya huko Poland, na alipopona mkuu wake akampendekeza kwenye kikosi kidogo cha walinzi wa Hitler, akajiunga nacho mwaka 1940. Cheo chake hakikuvuka usajenti. Alibeba barua, alipokea wageni mlangoni, aliunganisha simu. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo, anasimulia, ilikuwa kumpelekea barua dada yake Hitler kule Vienna. Yeye na wenzake walizoea kumwita Hitler “Bosi”.

Mtu wa mlangoni anajua nani kaingia saa ngapi na katoka kakunja uso. Yaliyosemwa ndani mlango ukishafungwa, hayo huyapata kwa kukisia, au huyasoma baadaye kama sisi tulivyoyasoma. Ndiyo maana Misch akieleza zamu zilivyopangwa, au handaki la Berlin alimojificha Hitler mwishoni mwa vita lilivyokuwa na vyumba vya kubanana, namsikiliza kwa makini. Akianza kunieleza tabia ya Bosi wake na nia zake, kalamu yangu huanza kuweka alama za kuuliza pembeni.

Chukua tarehe 30 Aprili 1945. Misch alikuwa pale pale handakini Hitler alipojiua, hatua chache kutoka chumba chenyewe, na bado alisema mlio wa risasi hakuusikia. Alichosikia ni mtu akimwita Linge, mtumishi wa Hitler, na kumwambia “nadhani tayari”. Wengine walidai waliusikia mlio. Hata walioingia chumbani hawakubaliani maiti ilikuwa imekaaje na kwenye kiti gani. Wanafunzi wakiona hivyo hudhani mmoja wao mwongo. Mimi nisingeshangaa wote wakiwa wakweli. Ningeshangaa zaidi kama wangelingana neno kwa neno.

Wapo waliolinganishwa kwa nguvu. Heinz Linge na Otto Günsche, msaidizi wa kijeshi wa Hitler, walishikwa na Wasovieti na kuhojiwa kwa miaka. Majibu yao yakashonwa kuwa jalada moja nene, likawekwa mezani kwa Stalin Desemba 1949. Umma wa Ujerumani ulilipata kama kitabu mwaka 2005. Limejaa mambo madogo ya ajabu kuhusu vikao na milo. Lakini mauaji ya Wayahudi yamepitiwa kwa mkato mno. Mwulizaji hakuwa na hamu nayo, na msimulizi hakuwa na sababu ya kuyaleta. Kumbukumbu nazo zina msomaji zinayemlenga, hata zinapotolewa gerezani.

Misch mwenyewe, aliyefungwa na Wasovieti pia, aliachiliwa mwishoni mwa 1953, akarudi Berlin akauza rangi. Kitabu chake kilitoka kwanza kwa Kifaransa mwaka 2006, kisha kwa Kijerumani mwaka 2008, naye ana miaka 90 na zaidi. Wakati huo Günsche na Linge walishafariki. Wa kumwambia “hapana, haikuwa hivyo” hayupo. Tena alikuwa ameshawahadithia waandishi wa habari wasio na idadi. Hadithi iliyosimuliwa mara nyingi huwa kama jiwe la mtoni, laini pande zote, na ulaini huo ndio hunitia wasiwasi.

Mpaka anafariki mwaka 2013 alishikilia kwamba kuhusu maangamizi ya Wayahudi hakuwahi kusikia neno pale kazini. Binti yake alisema hadharani kwamba mama yake, yaani mke wa Misch, alikuwa na asili ya Kiyahudi. Baba hakulikubali hilo.

Nikifika hapo humleta Traudl Junge. Hakuwa askari, alikuwa katibu muhtasi, lakini aliishi handaki lile lile. Aliandika kumbukumbu zake mapema, 1947 na 1948, akaziweka mpaka zilipochapishwa 2002. Uzeeni alieleza alivyopita mbele ya kibao cha ukumbusho wa Sophie Scholl, msichana wa Munich aliyeuawa Februari 1943 kwa kusambaza vipeperushi dhidi ya Hitler. Akagundua kwamba walikuwa karibu rika moja, na kwamba ujana haukuwa kisingizio. Misch hakufika hapo, au alifika akageuka. Kwangu ukimya wake ni ushahidi pia, ila sio ule aliokusudia kuutoa.

Ukurasa ninaopenda kuwasomea unahusu Johannes Hentschel, fundi wa mitambo. Alfajiri ya tarehe 2 Mei Misch aliondoka handakini, Hitler akiwa ameshakufa na Goebbels, waziri wake wa propaganda, pia. Hentschel alibaki, kwa sababu mashine zake ndizo zilizowapa umeme na maji majeruhi waliolazwa chini ya jengo la Chansela, yaani ofisi ya Hitler.