Zahanati iliyopata asilimia mia

Chukua zahanati nne, kila moja ina wahudumu wanne. Namba nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Kwa siku, ya kwanza inaona wagonjwa 80 na kuchanja watoto 20. Ya pili: wagonjwa 40, watoto 60. Ya tatu: 45 na 30. Ya nne tutaifikia.

Je, ya tatu inazembea? Mgonjwa wa malaria na mtoto wa chanjo huwezi kuwajumlisha, maana hawana bei kama nyanya na vitunguu. Mtafiti Rhodes alikutana na tatizo hilohilo alipochambua Follow Through, mpango wa Marekani wa kuwasaidia wanafunzi wa familia maskini. Mwaka 1978, yeye na watafiti wenzake Charnes na Cooper waliendeleza wazo la mchumi Farrell la 1957 wakatupatia DEA, uchambuzi wa bahasha ya data (si ile ya kaki), njia ya kupima ufanisi.

Bahasha ni mpaka unaochorwa na wanaofanya vizuri kuliko wote, wastani hauhusiki. Changanya nusu ya zahanati ya kwanza na nusu ya zahanati ya pili: wahudumu ni walewale wanne, wagonjwa 60, watoto 40. Ya tatu ina 45 na 30, yaani robo tatu kotekote. Ufanisi wake ni 0.75.

Kompyuta hufika hapo kwa kuiachia kila zahanati ijichagulie uzito wa kila huduma, mradi kwa uzito huohuo pasiwe na mwenzake anayevuka alama ya 1, yaani ufanisi kamili. Ni kama mwanafunzi kujiamulia somo lipi libebe alama nyingi. Sasa ya nne: wagonjwa 10, watoto 62. Inaupa uchanjaji uzito wote, wagonjwa sifuri, na kwa kuwa hakuna anayechanja zaidi yake, inaondoka na 1 kamili.

Niliwahi kupeleka kikaoni jedwali la alama bila la uzito. Kituo cha namna hiyo kikapigiwa makofi, na mganga mfawidhi wake akasimama kushukuru. Nilitamani meza inifunike.

Siku hizi naweka kikomo. Tuseme chanjo moja isizidi uzito wa wagonjwa watatu: ya nne inapata 10 + 186 = 196, ya pili 40 + 180 = 220. Hapo ya nne inashuka hadi 0.89, ya tatu inabaki na 0.75 yake. Hicho kikomo cha wagonjwa watatu hakitoki kwenye kompyuta. Huwa nakwenda kuwauliza wauguzi, na hata wao hawakubaliani.